Muganga Mukwege: namna alivyochagua masomo ya juu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mulio kambini, vijana wetu wanaomaliza chuo kikuu wanauliza waombe wapi masomo ya juu, na waitike nafasi gani. Historia ya muganga Denis Mukwege inaweza kuwasaidia.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Alipata diplome ya uganga Burundi mwaka 1983, akitaka kutunza watoto. Lakini kwenye hospitali ya Lemera, teritware ya Uvira, aliona wamama wakifika wamechelewa, wakitoka damu, wengine wakifa kwa uzazi. Basi akaacha wazo lake la kwanza, akaenda kusomea uzazi Angers, Ufaransa. Alipomaliza mwaka 1989, angeweza kubaki kule. Yeye akarudi Lemera.

Mwaka 1996 vita ikafika, wagonjwa na wauguzi wakauawa mule hospitalini. Muganga akakimbia, sawa na ninyi. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu.

Kijana ukipata burse mbili, usihesabu franga tu. Uliza kwanza: nyumbani watu wanakosa nini?