Mahali pa Meko

Mtu aliyeazimia kujenga nyumba yake mwenyewe huianza kazi kabla ya jiwe la kwanza kulazwa. Huenda kiwanjani na kamba na vijiti, akapima kwa hatua, akatazama upande jua linakochomoza na njia ipitayo maji ya mvua, kisha akajiuliza: mlango ukae wapi, vyumba viwe vingapi, na moto uwashwe wapi? Katika insha hii, msomaji, nataka tulifuate swali la mwisho tu. Ukijua mahali moto ulipowashwa, umekwisha kujua mengi juu ya watu waliokaa humo na heshima waliyopeana.

Ukipita leo huko Kaaga, karibu na mji wa Meru, kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, utaona kwamba nyumba karibu zote ni za pembe nne, za mbao au mawe, na juu mabati. Kijana aliyezaliwa humo aweza kudhani kuwa nyumba imekuwa hivyo tangu zamani. Lakini babu wa babu yake alizaliwa ndani ya nyumba ya duara, na duara lile halikuwa kazi ya ujinga hata kidogo.

Kuchora duara ardhini kwahitaji vitu vitatu: kijiti cha kati, kamba, na kijiti cha pili cha kuzungushia. Hakuna pembe ya kupima wala ukuta wa kunyosha. Tena duara lina faida ambayo mwalimu wa hesabu aweza kukuonyesha ubaoni. Tuseme una miti na udongo wa kutosha ukuta wenye mzingo wa futi 60. Ukijenga nyumba ndefu ya futi 20 kwa 10, utapata eneo la futi za mraba 200. Ukijenga mraba wa futi 15 kila upande, utapata 225. Ukijenga duara, utapata zaidi ya 286. Kwa vifaa vilevile, na jasho lilelile, wazee walijipatia nafasi zaidi.

Na ndani yake je? Wameru, Waembu na jirani zao Wakikuyu walifanana sana katika jambo hili, ijapokuwa kila mmoja alikuwa na desturi zake. Jomo Kenyatta alieleza habari za nyumba ya Kikuyu katika kitabu chake cha mwaka wa 1938, na mzee wa Meru asingeona mengi ya kumshangaza humo. Nyumba ilikuwa ya mwanamke. Katikati yalikuwapo mafiga matatu, na moto wake ulitoa joto, mwanga na chakula kwa pamoja. Kandokando ya ukuta, nyuma ya viambaza vya fito, kilikuwapo kitanda cha mama, mahali pa mabinti kulala, mahali pa kuweka akiba, na mahali pa mbuzi. Mume alikuwa na nyumba yake ndogo mbali kidogo, alikopokea wageni wa kiume. Vijana waliokwisha kutahiriwa hawakulala tena kwa mama. Kwa Wameru, wale waliokuwa askari wa kabila walikaa pamoja katika nyumba yao kubwa iliyoitwa gaaru.

Basi angalia, msomaji: kile tunachokiita leo vyumba, kwao vilikuwa nyumba. Walipotaka kumtenga mtu, kwa umri au kwa heshima, hawakuweka ukuta ndani. Walijenga duara jingine. Boma zima ndilo lililokuwa ramani moja, na ua ndio uliokuwa ukumbi.

Sitaki kuipamba nyumba ile kupita kiasi. Moshi wake uliumiza macho na vifua, hasa vya akina mama na watoto wachanga. Lakini moshi huohuo uliyahifadhi manyasi ya paa yasiliwe na wadudu, na uliikausha nafaka iliyowekwa juu ya meko.

Mambo yalianza kugeuka kwa njia ambayo wengi hawaifikiri, yaani kwa kodi. Mwaka wa 1901 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya kodi ya nyumba katika nchi yetu. Kodi hiyo haikuhesabu watu, ilihesabu vibanda. Mtu mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipia zote tatu. Katika sehemu nyingi watu walifanya hesabu iliyo rahisi: wakajibana katika nyumba chache. Wakubwa walipoliona jambo hilo wakaleta sheria nyingine mwaka wa 1910, iliyotoza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba ya kulipia. Kwa watu wa Meru habari hizi hazikukawia, maana kituo cha serikali kilifunguliwa huko mwaka wa 1908 na Edward Butler Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Toka hapo boma la duara nyingi likawa boma la gharama.

Jambo la pili lilikuwa mabati. Henry Robinson Palmer, Mwingereza, alipata hati ya ubunifu wa mabati ya mikunjo mwaka wa 1829. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899 ilifanya iwezekane kuyaleta bara kwa wingi. Bati lina pembe nne zilizonyoka. Jaribu kulifunika duara kwa mabati: utakata, utatupa, na mvua itaingia kwenye maungio. Bati lataka kenchi iliyonyoka, na kenchi yataka ukuta ulionyoka. Ongeza kitanda cha mbao, meza na kabati, ambavyo havikubali kuegemea ukuta uliopinda, nawe utaona kwamba nyumba ya pembe nne haikushinda kwa uzuri wake. Ilishinda kwa sababu kila kitu kipya kilichonunuliwa dukani kiliidai.

Wala usidhani kuwa ni watu wa bara tu waliotawaliwa na vifaa. Huko Lamu, katika nyumba za mawe ambazo nyingi ni za karne ya 18, vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake kama futi 9 tu. Tajiri wa Lamu hakukosa fedha ya chumba kipana, alikosa mti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo pasipo kulemewa. Basi mafundi wakavipanga vyumba vile kimoja nyuma ya kingine, toka daka la mlangoni hadi ndani kabisa. Mgeni alijua mwisho wake, na wenye nyumba walipata faragha kwa sababu ya ufupi wa mti.

Turudi Meru. Wamishenari Wamethodisti, ambao walikuwa wameanza kazi yao Ribe, karibu na Mombasa, mwaka wa 1862, walikuja pia wakaweka kituo Kaaga. Nyumba zao na shule zao zilikuwa za pembe nne, na mafundisho yao yalitaka mume mmoja na mke mmoja chini ya paa moja. Mkristo aliyejenga upya alilazimika kuziunganisha nyumba mbili zilizokuwa mbali. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipotokea badiliko kubwa kuliko yote. Nyumba ya mume iliingia ndani ikawa sebule, yenye viti vya wageni na mlango wa mbele. Meko ya mke yalitolewa nje, yakapewa kibanda nyuma ya nyumba, kwa sababu moshi ungechafua kuta na mabati. Mwanamke aliyekuwa mwenye nyumba katikati ya duara lake akawa mtu wa kibanda cha nyuma. Watu walisifu maendeleo, na yalikuwapo kweli: madirisha, mwanga, sakafu iliyofagiwa vizuri. Ila sijasikia kwamba mama aliulizwa.

Kisha ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952. Toka mwaka wa 1954 zaidi ya watu milioni moja, walio wengi Wakikuyu na Waembu, walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800. Na sehemu za Meru hazikuachwa. Nyumba zilipangwa kwa safu, zikikaribiana. Huko hapakuwa na swali la meko yakae wapi, maana aliyeshika kamba na vijiti hakuwa yule ambaye angelala ndani.

Ulaya nako, msomaji, swali la jiko lilikuwa limepata jibu jingine. Mwaka wa 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Vienna, alibuni jiko kwa nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt. Alizichunguza hatua za mpishi na muda unaopotea, akatoa chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, ambamo kila kitu kilifikiwa kwa mkono. Majiko kama hayo yapatayo 10,000 yalijengwa. Aliyemwajiri, Ernst May, ndiye huyuhuyu aliyehamia Tanganyika mwaka wa 1934 akalima, kisha akafungua ofisi Nairobi mwaka wa 1937, akachora majengo ya Mombasa na mpango wa mji wa Kampala. Alibuni hata nyumba ya vipande vya saruji vilivyopindwa kama upinde. Mafundi wetu wakati huo walikuwa wakijifunza kuunyosha ukuta, naye Mjerumani akiupinda!

Huwa nawapa wanafunzi wa ualimu zoezi la kuchora nyumba ya mzazi kijijini. Karibu wote huanza na sebule, tena kubwa kuliko chumba kingine chochote. Jiko hulitia mwisho, katika nafasi iliyobaki. Nikiwauliza ni chumba kipi mama hukaa saa nyingi zaidi, huanza kufuta.

Siku hizi Kaaga, nyumba nyingi mpya zina jiko la ndani lenye gesi, na hilo lafaa kwa chai na mayai. Lakini githeri ya mahindi makavu na maharagwe huchukua saa nyingi motoni, na gesi hununuliwa kwa fedha. Kwa hiyo mwenye nyumba hujenga tena kibanda cha kuni nyuma, ambacho mara nyingi hakimo katika ramani ya fundi. Uingie nyumba kama hiyo jioni ya Julai, baridi inaposhuka toka mlimani: huenda ukaikuta sebule imepigwa deki, vitambaa viko juu ya viti, na hamna mtu. Nyuma, kuyazunguka mafiga matatu, utawakuta wote, na baba pia.