Puto la Unguja lililofungua anga ya Serengeti

Mwaka 2026 safari za maputo kwa watalii katika Maasai Mara zinatimiza miaka 50, na ni haki zisherehekewe. Lakini kuanza hesabu mwaka 1976, Alan Root alipofungua biashara hiyo Keekorok, ni kuikata historia kichwa. Kichwa chake kiko Unguja.

Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ya wasafiri watatu wanaopaa kwa puto kutoka Zanzibar ili waivuke Afrika. Verne mwenyewe hakuwahi kufika huku. Ilipokaribia karne kutimia, mwandishi wa habari wa Kiingereza, Anthony Smith, akaamua kuitia hadithi hiyo katika vitendo. Mwaka 1962 alifika na puto lililoitwa Jambo, akiwa na Douglas Botting pamoja na Root, kijana mpiga filamu aliyekulia Kenya.

Smith aliiandikia safari hiyo kitabu kizima, na inastahili. Jambo halikupaa kwa hewa ya moto kama maputo ya leo. Lilijazwa haidrojeni, gesi nyepesi mno ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Gesi hiyo ilikuja kwa mitungi mizito ya chuma, iliyobidi ifikishwe kila mahali pa kurukia, na ardhini mikono mingi ilihitajika kulizuia puto lisipae kabla ya wakati. Angani hapakuwa na injini wala usukani. Rubani akitaka kupanda alimwaga mchanga, pengine konzi mbili tu. Akitaka kushuka alivuta kamba ya vali, gesi ikatoka isirudi tena. Mchanga ukiisha, hana la kufanya ila kutua popote upepo ulipompeleka.

Kwa chombo hicho walivuka bahari, wakitoka visiwa vilivyokuwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza na kuingia Tanganyika, iliyopata uhuru Desemba 1961. Baadaye walipaa Ngorongoro na Serengeti, wakiwatazama nyumbu na pundamilia kutoka juu bila ngurumo ya injini.

Root hakuachana tena na maputo. Mwaka 1974 yeye na mkewe Joan walipita juu ya Kilimanjaro kwa puto la hewa ya moto, kisha ikaja Keekorok. Biashara ikaenea hadi Serengeti.

Kinachouma ni kwamba tiketi moja ya puto ni mamia ya dola, na wanakijiji wengi wa kando ya mbuga wanayajua maputo haya kwa kuyaona alfajiri tu. Kampuni zinazovuna anga hii zitenge viti kwa watoto wa shule za jirani. Na Zanzibar, inayouza historia yake kwa kila mgeni, iipe safari ya Jambo ukuta mmoja katika makumbusho yake, pamoja na majina ya waliozishika kamba za puto ardhini, kama bado yanapatikana.