Watoto Waliokuja Peke Yao: Habari za Kakuma na Funzo Lake kwa Chama



Mara kwa mara swali hili huulizwa mikutanoni: chama kisicho na fedha nyingi kitamfaa nini mtoto mgeni aliyefika bila baba wala mama? Jibu halimo katika daftari la mweka hazina. Limo katika mambo yaliyotokea nchini mwetu, huko Turkana, nayo yastahili kukumbukwa.

Vita vya pili vya Sudan vilianza mwaka 1983. Vijiji vya Wadinka na Wanuer vilipochomwa, wavulana wengi waliokuwa malishoni walikimbilia porini wasijue wazazi wao wamekwenda wapi. Kufikia mwaka 1987 maelfu yao walikuwa wakitembea kwa miguu hadi Ethiopia, wakapata kambi kama ile ya Panyido. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilipoanguka Mei 1991, walilazimika kukimbia tena, na wengi walikufa maji katika mto Gilo. Mwaka 1992 waliosalia waliingia Kenya kwa njia ya Lokichoggio, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa.

Huko Kakuma walikaa kwa makundi, wakajenga vibanda vyao, wakapika kwa zamu na kusoma. Watu wazima wa kuwaangalia walikuwako, lakini walikuwa wachache mno kwa watoto wengi namna ile. Basi mkubwa alimlea mdogo. Twaweza kusema kwamba walezi wa kwanza wa kujitolea walikuwa watoto wenyewe.

Kuanzia Novemba 2000 Marekani iliwapokea vijana hao yapata 3,600. Walioandikwa kuwa chini ya miaka 18 waliwekwa katika nyumba za walezi. Wenye miaka 18 na zaidi walipangishiwa vyumba pamoja, wakasaidiwa kwa miezi michache, kisha wakatakiwa kujitegemea. Na umri wenyewe mara nyingi ulikuwa wa kukisiwa. Wengi waliandikiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hivyo kalamu ya karani iliamua nani apate mama wa kumlea na nani apewe ufunguo wa chumba.

Hapo ndipo walipofaa majirani, waumini wa makanisa na walimu waliostaafu. Hawakulipwa. Walimwonyesha kijana namna ya kuwasha jiko, kupanda basi, kufungua akiba benki na kusoma barua ya mwenye nyumba. Walikaa naye akijaza fomu za chuo, na aliposhindwa kazini walikuwa na sikio la kumsikiliza. Mkono mmoja haulei mwana, na hata ofisi yenye fedha ni mkono mmoja tu.

Mfano unaojulikana ni Lopez Lomong. Alitekwa akiwa na miaka 6, akakaa Kakuma miaka 10, na mwaka 2001 akapokewa na mume na mke wa Tully, katika jimbo la New York. Mwaka 2008 ndiye aliyeshika bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Si kila mtoto atakayeshika bendera; lakini kila mtoto ahitaji mlango ambao akiubisha atafunguliwa.

Sasa lipo jambo ambalo wazee twapaswa kulisikia bila kuona haya. Katika wale 3,600, wasichana walikuwa 89 tu. Je, wasichana hawakukimbia vita? Walikimbia. Ila walipofika kambini walikabidhiwa jamaa za watu wa kabila lao, kama desturi yetu njema inavyoagiza. Baada ya hapo hawakuhesabiwa tena kuwa watoto walio peke yao. Wako waliolelewa vema. Wako pia waliogeuzwa watumishi wa nyumba, na walioozwa mapema kwa tamaa ya mahari. Kwa kuwa walikuwa na paa, hakuna aliyekwenda kuwauliza habari zao. Desturi iliyowahifadhi ndiyo iliyowaficha.

Vita viliporudi Sudan Kusini mwezi wa Desemba 2013, watoto walifika Kakuma tena bila wazazi. Kwa hiyo habari hizi si za kale.

Yatupasa basi kufanya mambo mawili. Kwanza, mwanachama anayeweza ajitolee kwa mtoto mmoja, kwa idhini ya ofisi ya watoto, amjue kwa jina, amtembelee kila juma, wala asimwache baada ya mwezi mmoja. Maana mtoto aliyekwisha kuachwa huona kuachwa mara ya pili kuwa kuzito kuliko kwanza. Pili, tusimpite mtoto aliyekwisha kupata nyumba, hasa msichana. Tubishe hodi, tuketi, tumwulize mwenyewe, na tungoje ajibu.