Vidole vya Django Reinhardt

Mwanafunzi wa gitaa hukwama anapobadili mshiko mmoja wa nyuzi kwa mwingine, akavilaumu vidole vyake. Django Reinhardt alikuwa na haki zaidi ya kulaumu. Mwaka 1928, karibu na Paris, moto uliteketeza nyumba yake ya magurudumu. Kijana huyo wa miaka 18, mpiga banjo hodari, akabaki na vidole viwili vya kushoto vilivyojikunja, cha pete na cha mwisho. Alipopewa gitaa alijifunza upya. Aliteua mishiko midogo, yenye kuteleza shingoni mwa gitaa bila kubadili umbo. Vidole vilivyolemaa akavikalisha juu ya nyuzi nyembamba. Mwaka 1934 alikuwa katika Quintette du Hot Club de France, na baadaye wenye vidole vizima walijifunza kutokana na upigaji wake. Aliyepungukiwa vidole alivipunguzia safari.