Tundu la Kitakoni

Wapenzi wa vitu vya kale wana hukumu wanayoitoa upesi: jagi la kauri au chupa ya zamani ikishageuzwa taa, basi imekwisha. Wauzaji wa taa hizo nao hujibu upesi vilevile, kwamba hii ni kazi mpya ya kutunza mazingira. Upya huo haupo. Katika karne ya 18 wauza anasa wa Paris walivalisha kauri ya Kichina shaba iliyopakwa dhahabu, na daftari la mauzo la Lazare Duvaux, la 1748 hadi 1758, lina vinara vya mishumaa vilivyopambwa maua ya kauri kutoka Vincennes. Kuhusu uharibifu, la kuuliza ni hili: kitako cha chombo kilianza lini kutobolewa, na kwa nini?

Taa ya mafuta haikuhitaji tundu. Tangi dogo la shaba lilitumbukizwa mdomoni mwa chombo, juu yake utambi, kisha chemni. Ukilitoa, chombo ni kilekile. Umeme ndio ulioleta waya, na waya ukadai njia. Ushahidi mzuri upo katika barua ambayo watu wa kauri hawaigusi, pengine kwa kuwa ilichapishwa kwenye jarida la wahandisi, The Engineer, Januari 1881. Mwandishi wake, William Armstrong, mtengeneza mizinga, alikuwa amefunga balbu za Joseph Swan nyumbani kwake Cragside, kaskazini mwa Uingereza, kwa umeme wa maji. Taa nne za maktaba zilikaa juu ya vyombo vya enameli, yaani kioo kilichoyeyushiwa juu ya shaba nyekundu. Mwili wa chombo wenyewe ndio uliorudisha umeme. Waya wa kuuleta ulipita kwenye tundu la kitakoni, ncha yake tupu ikazama katika kikombe kidogo cha zebaki kilichokuwa kwenye kigoda. Ukinyanyua chombo, taa inazimika, ukikirudisha, inawaka. Kwa Armstrong, basi, tundu lilikuwa na kazi, na shaba haiogopi keekee. Kauri haipitishi umeme, na ujanja wa zebaki haukuenea. Hata hivyo mafundi wa karne ya 20 walitoboa vitako vya kauri kwa maelfu ili kuficha waya ambao ungeweza kabisa kutokea shingoni, chini ya kofia ya shaba.

Atatokea wa kusema kwamba hata Paris hawakuwa na huruma, na ni kweli: walikata shingo za vyombo, dhahabu ikafunika kidonda. Pingamizi hili ni zito, ila linanisaidia, maana linaonyesha kwamba kosa liko kwenye mkato, si kwenye taa. Lile jingine, kwamba chombo kisitoke kamwe katika kazi aliyoikusudia mfinyanzi, sina subira nalo. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui, pwani ya Afrika Mashariki, bakuli za Kichina zilipachikwa katika chokaa. Bakuli ya chakula ikawa pambo la marehemu, na hakuna anayelaumu waashi wale. Tunawalaumu waliokuja kuzing'oa.

Hoja ya mazingira nayo ina uzito wake, ikisemwa kwa kiasi. Moto wa tanuri, unaopita nyuzi 1,200 kwa kauri ngumu, ulishalipiwa zamani. Na balbu za LED, kwa kuwa joto lake ni dogo, zimefungua mlango kwa vyombo vilivyoungwa kwa gundi, ambavyo balbu ya zamani ingevitishia. Chombo chenye ufa, ambacho mkusanyaji hakitaki, ndicho kinachofaa zaidi. Kioo ni kesi ngumu, kwa sababu hakifichi kitu, na wengi hukitoboa ubavuni kwa keekee ya almasi huku kikimwagiwa maji. Anayekataa kutoboa hutia kizibo mdomoni, akapitisha waya pembeni mwake, na kujaza mchanga tumboni mwa chombo kisipinduke. Siku akitaka kuweka maua, anachomoa kizibo na kumwaga mchanga.