Nani Anajaza Sufuria?

Katika 2 Samweli 4, mlezi anakimbia vita akiwa na Mefiboshethi, mtoto wa miaka 5. Mtoto anaanguka, miguu yote miwili inalemaa. Baba yake, Yonathani, ameuawa. Yatima na mlemavu kwa vita vilevile: sisi wa Saio hatuhitaji kuelezwa.

Mei 2003, askari wa Uganda walipoondoka Bunia, wanamgambo walipigania mji. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC. Zamani mtoto wa marehemu alichukuliwa na shangazi au mjomba. Vita viliwaua nao pia, wengine vikawatawanya. Ndiyo maana tukahitaji nyumba za yatima.

Lakini nani anajaza sufuria? Dada Lillian Trasher, Mpentekoste kutoka Marekani, alianza Asyut, Misri, mwaka 1911, na mtoto mchanga mmoja aliyefiwa na mama. Alipanda punda akaomba vijijini; Wamisri wenyewe, Wakristo na Waislamu, wakampa. Alipofariki 1961, nyumba ile ilikuwa imelea maelfu.

Sisi wahubiri tunamsifu Daudi aliyemkaribisha Mefiboshethi mezani. Ni haki. Ila kabla mfalme hajauliza habari zake, alikula kwa nani? Kwa Makiri, huko Lo-debari (2 Samweli 9:4). Ni mara chache tunamhubiri. Baadaye Daudi mwenyewe akawa mkimbizi, na Makiri alikuwa kati ya waliomletea vitanda, mabakuli, unga na maharage.