Kriya (yoga)

Kriya, neno la Kisanskriti lenye maana ya tendo, katika yoga ya kundalini hutaja pia miondoko inayokuja bila kukusudiwa. Mtu amekaa ametulia, miguu kaikunja, macho kayafumba; mara shingo inaanza kuzunguka, mgongo unatikisika, vidole vinajipanga vyenyewe, pumzi inakatika kisha inarudi kwa kasi. Wengine husikia joto au mtambao kama wa sisimizi ukipanda uti wa mgongo.

Mapokeo ya Kihindu husema hiyo ni kundalini, nguvu iliyojikunja kama nyoka chini ya uti wa mgongo, ikiamka na kupanda hadi utosini. Simulizi mashuhuri ni ya Gopi Krishna (1903–1984), mtumishi wa serikali kutoka Kashmir. Mwaka 1937, akiwa Jammu, baada ya miaka 17 ya kutafakari kila alfajiri, alisikia ngurumo kama ya maporomoko ya maji na mwanga ukimiminika kichwani. Raha ile haikudumu: zilifuata siku za kukosa usingizi, hofu na joto kali mwilini, na kupona kulichukua miaka.

Si kila mtetemo ni kundalini. Anayepumua harakaharaka hupoteza kabonidioksidi nyingi, naye hufa ganzi vidoleni na midomoni. Anayesinzia hushtuka misuli. Degedege nayo huweza kufanana na kriya, hivyo anayepoteza fahamu apelekwe kwa daktari kwanza, mwalimu wa yoga baadaye.